Nimepata tangi la kujengea nyambizi ya mtu mmoja, nimekwama kwenye kinachosukuma. Wajuzi naombeni mchango

#1 Fundi wa Sahare

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mchomeleaji, niko Tanga, mageti na matangi ndiyo yananiweka mjini. Mwaka juzi niliangukia tangi la chuma kwa jamaa wa vyuma chakavu: upana mita 1, urefu mita 2.4, bati la milimita 8, vichwa viwili vya mviringo, kutu ya juujuu tu. Wenzangu waliona tangi la maji. Mimi niliona nyambizi ya kukaa mtu mmoja, ya kushuka mita 10 hadi 15 kuangalia matumbawe na kurudi kula chakula cha mchana.

Kabla hamjanivaa: uimara wa tangi, dirisha na mfuniko kuna mhandisi tunahesabu naye, huo ni uzi wake. Leo naomba tujadili kitu kimoja tu, KINACHOSUKUMA. Nilivyo navyo au ninavyoweza kupata:

Injini ya bodaboda cc 150, iko nzima, niiweke ndani na bomba la kuvuta hewa lichungulie juu ya maji. Au injini ya boti ya kupachika, farasi 15, niizibe izame nayo. Au mota mbili za umeme za volti 12, zile ndogo za boti za kuvulia kwa starehe, nimeuziwa na mtu aliyekuwa anahudumia watalii. Boksi linasema kila moja inasukuma kilo 25. Au pedali za baiskeli, mguu wangu mwenyewe.

Moyo wangu uko kwenye bodaboda, sitawaficha. Nataka angalau kilomita 10 kwa saa. Karibuni.

#2 Pweza Mkavu

Nimetandika mkeka hapa. Mkuu, kwenye orodha yako umesahau kuandika wosia.

#3 Ampea Hamsini

Mkuu, kwanza hiyo kilomita 10 kwa saa irudishe dukani. Maji yana roho mbaya kuliko unavyodhani.

Mbele ya chombo chako, ukijumlisha mnara na vyuma vitakavyoning'inia pembeni, kuna kama mita 1 ya mraba inayopambana na maji. Kwa umbo la pipa lenye vichwa vya mviringo, ukienda mita 1 kwa sekunde, yaani kilomita 3.6 kwa saa, mwendo wa bibi anayetoka sokoni na kapu, maji yanakurudisha kwa kani ya kilo 26 hivi. Ukienda mita 2 kwa sekunde haiwi 52, inakuwa 104. Na nguvu ya kusukuma inapanda vibaya zaidi: ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu inazidi mara nane.

Sasa tuiweke kwenye betri, nikichukulia kwamba nusu ya umeme inapotea njiani kwenye mota na pangaboi la kusukuma maji, jambo la kawaida kwa vifaa vya kuungaunga. Kilomita 3.6 kwa saa: wati 510. Kilomita 7.2: wati 4,100. Hiyo 10 yako: wati 11,000. Betri mbili za volti 12, ampea-saa 100 kila moja, ukizitumia nusu ili zisife mapema, zinakupa wati-saa 1,200. Kwa mwendo wa bibi unakaa chini zaidi ya saa mbili. Kwa kilomita 7.2 unakaa robo saa, na hata hiyo robo haifiki, maana betri ya risasi ukiinyonya kwa haraka inatoa pungufu ya ilichoandikwa.

Na unakwenda wapi mbio? Umesema unaangalia matumbawe.

Kitu kingine ambacho wengi hukigundua wakishachelewa. Tangi lako limebeba nafasi ya karibu mita 2 za ujazo. Ili lizame ni lazima chombo kizima, na wewe ndani, kifike tani 2 na kidogo. Bati lako lenyewe ni kama kilo 600. Kwa hiyo utatafuta zaidi ya tani moja ya uzito wa kuweka chini. Watu wanakimbilia betri za lithiamu kwa sababu ni nyepesi, halafu wanaenda kununua risasi ya kufidia wepesi! Betri za risasi za kilo 30 kila moja, zikilazwa sakafuni kabisa, zinakupa umeme na zinakuzuia usipinduke. Hapa ndipo mahali pekee ambapo uzito wa betri ni mali.

#4 Kijana wa Igoma

Mimi niko Mwanza. Hii ikija kwetu ziwani si mambo yaleyale?

#5 Ampea Hamsini

Siyo kabisa. Lita ya maji ya bahari ina kilo 1.025 hivi, ya ziwa ina kilo moja. Kwenye chombo cha mita 2 za ujazo hiyo ni tofauti ya kilo 50. Kilichosawazishwa Tanga, ukikitumbukiza Mwanza kinakwenda chini kama jiwe la kinu usipotoa mfuko wa saruji mzima.

#6 Nahodha Mstaafu

Mwanangu Fundi, hiyo ya bodaboda niachie mimi.

Lita moja ya petroli ili iungue inataka hewa kama lita 9,000. Injini yako ya cc 150 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, ukiifungulia mafuta yote, inameza karibu lita 375 za hewa kila dakika. Ndani ya tangi, ukishakaa wewe na betri na makorokoro, imebaki lita 1,500. Wimbi moja likiziba bomba lako, injini haijui kuwa bomba limezibwa. Inavuta ya kwako. Manyambizi ya Wajerumani mwishoni mwa Vita ya Pili yalikuwa na bomba la namna hiyo lenye vali ya kujifunga wimbi likija, na vali ikijifunga dizeli zilivuta hewa ya humo ndani mpaka mabaharia wakaumia masikio. Nao walikuwa na chombo kikubwa, na injini iliyotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo. Halafu kuna moshi. Ule wa ekzosi usioonekana wala kunuka ndio unaoua, unalala kama mtoto.

Wazee wa kazi hii waliishagawa zamani. John Holland alipoizindua nyambizi yake ya sita mwaka 1897 aliweka injini ya petroli ya kwenda juu ya maji, na mota ya umeme yenye betri ya kwenda chini. Jeshi la Wanamaji la Marekani likainunua mwaka 1900. Wewe huendi Pemba nayo. Mtu atakuvuta kwa boti mpaka kwenye mwamba. Ya juu ya maji huihitaji kabisa.

Na farasi 15 ya kuzibwa sahau. Ina pumzi kama hiyo hiyo, na zaidi ya hapo kila tundu lake lilitobolewa na mtu aliyeamini kuwa haitazama.

#7 Fundi wa Sahare

Mzee wangu, nimesoma mara mbili. Lita 9,000! Bodaboda narudisha barabarani.

Basi umeme. Swali: kwa nini nisiweke mota kubwa moja ndani, pakavu, nitoe shafti tu nyuma kupitia kwenye bati? Mota ya ndani haili chumvi, naweza kuishika nikiwa nimekaa. Shafti na bushi nazichonga mwenyewe, lathe ninayo.

#8 Bint Kilifi

Kaka Fundi, hamjambo huko Tanga. Mie natengeneza mashini za boti hapa Kilifi, na mbizi nazamia.

Kuichonga utaichonga, sikatai. Lakini fikiria hilo tundu. Kila mita 10 unazoshuka maji yanaongeza baa moja ya mgandamizo. Mita 15 ni baa moja na nusu inayoganda mchana kutwa kwenye ile sili, yaani mpira wa kuzuia maji pale shafti inapopita, na shafti inazunguka humohumo. Kwenye boti ya kawaida, ile gilandi ya nyuma, kizuizi cha maji cha shafti, ikidondosha tone twasema ni sawa, inajipoza. Wewe tone lako laingia chumbani unapokaa. Sili ikichanika ukiwa chini, hakuna wa kwenda nyuma kukaza nati.

Mota ikikaa nje, kinachopita kwenye bati ni waya tu, na waya hauzunguki. Unaupitisha kwenye kizibo cha shaba, unamwagia resini, gundi inayoganda ngumu, unausahau. Mota ya nje ikila maji, imekufa mota. Hujafa wewe. Mie kwangu hiyo peke yake yatosha kuamua.

Sasa hizo mota zako mbili. Zimetengenezwa zining'inie nusu mita chini ya maji. Sili yake ukiitazama ina mdomo mmoja, na huo mdomo umegeuzwa kwa kazi ya pale juu. Ukizishusha mita 15 hivihivi, maji yatafungua mdomo na kuingia. Dawa yake ni kutoiachia hewa ndani. Ijaze mafuta mepesi mpaka itapike, halafu unganisha kamfuko ka mpira kenye mafuta hayohayo, kakae nje kakiguswa na bahari. Wengine hutumia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ila kagua kama mpira haulainiki na mafuta uliyochagua. Maji yakikaminya kamfuko, mafuta ya ndani nayo yanaminywa kiasi kilekile. Sili inabaki haina wa kugombana naye, ndani na nje sawa. Kwa njia hii kina hakina maana tena kwa mota.

Ubaya wake: mota zako ni za brashi, vile vipande vya kaboni vinavyosuguana na sehemu inayozunguka kuipa umeme. Mafuta yanazibebabeba zile kaboni, yanageuka meusi, na mota inakuwa nzito kidogo kuzunguka. Utabadilisha mafuta mara kwa mara. Mota zisizo na brashi ni tamu zaidi. Kuna za roboti za chini ya maji, kama T200 ya Blue Robotics, ambazo maji yanapita katikati yake bila sili yoyote, nyaya zimezamishwa kwenye resini, beringi ni plastiki. Lakini moja yasukuma kilo 5 tu, ungehitaji rundo, na bei yake mwanamume unaweza kukaa chini.

#9 Chuma na Moto

Mafuta mepesi = ya transfoma. Kuna jamaa anauza.

#10 Bint Kilifi

Jamaa kayatoa wapi? Transfoma ikikosa mafuta mtaa mzima hulala giza. Na ya transfoma kuukuu yaweza kuwa na sumu isiyotoka mwilini. Nunua mafuta meupe ya madini dukani, yenye risiti.

#11 Mdau wa Montréal

Pedali zimeachwa yatima, ngoja nizitetee halafu nizizike.

Huku niliko kuna chuo cha ufundi, ÉTS, wanafunzi wake wanaunda nyambizi za pedali zinazoitwa Omer. Mwaka 2007 Omer 5 ilifikisha noti 8.035, karibu kilomita 15 kwa saa, kwenye mashindano ya Marekani. Kwa miguu! Sasa msikimbilie baiskeli zenu. Ile ina umbo la samaki na imejaa maji ndani, waendeshaji wanapumua kwa mitungi ya mbizi, na mbio zenyewe ni za muda mfupi kwenye bwawa refu lililotulia.

Ndani ya tangi kavu hadithi ni nyingine. Mtu aliyetulia anatoa hewa chafu robo lita hivi kwa dakika. Akikanyaga pedali kwa nguvu anafika lita 2. Kwenye lita 1,500 za hewa, kwa mtu aliyetulia hewa chafu inafika asilimia 3 baada ya saa tatu. Kwa mkanyaga pedali ni chini ya nusu saa, na hapo kichwa kinauma, unahema, na unafanya maamuzi ya kijinga. Miguu ya mtu mzima wa kawaida inatoa wati 100 kwa kujikaza. Rudi kwenye hesabu ya Ampea uone wati 100 zitakupeleka wapi.

Hata ile Hunley ya vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Wamarekani, mwaka 1864, ilikuwa na wanaume saba wanazungusha kombo kwa mikono na wa nane anaongoza. Iliizamisha meli ya adui, nayo haikurudi.

Na hata ukienda na umeme, dawa ya kunyonya hewa chafu weka. Saa tatu ni kwenye karatasi.

#12 Pweza Mkavu

Kwa hiyo mmekubaliana umeme. Na usukani ni rimoti ya gemu kama wale wa nyambizi ya Titan?

#13 Ampea Hamsini

Unatania, lakini rimoti haikuwa tatizo la Titan. Ile ilipasuka Juni 2023 na watu watano, na tatizo lilikuwa mwili wenyewe wa nyuzi za kaboni. Ila kuna kisa chao kingine kinahusu uzi huu moja kwa moja. Katika safari ya nyuma yake walifika chini karibu na Titanic, wakasukuma mbele, chombo kikaanza kujizungusha papo hapo kama kuku aliyekatwa. Mota moja ilikuwa imefungwa kinyume. Wakaendelea kwa kubadilisha maana ya vitufe.

Fundi, ukiwa na mota mbili, moja kila ubavu, hilo ndilo litakalokupata. Nyekundu na nyeusi ukizigeuza upande mmoja, ukitaka kwenda mbele utacheza sindimba. Weka waya wa kushoto rangi yake na wa kulia rangi yake, na ujaribu kwenye maji ya magoti kila siku kabla ya kushuka. Kila siku!

Kwa kupanga: mbili za ubavuni ndizo usukani wako pia, kushoto ikisukuma na kulia ikivuta unageuka ulipo. Baadaye ukipata ya tatu, iweke ielekee juu na chini, itakusaidia kutulia mbele ya mwamba bila kupapasa vali za maji. Na pangaboi kubwa la polepole siku zote linashinda dogo la kasi kwa mwendo wenu huu wa bibi. Betri hazichajiwi mfuniko umefungwa, hata kwa dakika. Gesi ya betri ya risasi ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche moja inatosha.

#14 Nahodha Mstaafu

Nimewaacha mhesabu, sasa sikilizeni. Kinachokurudisha nyumbani si mota.

Yule Mmarekani Karl Stanley, aliyekuja kufanya kazi ya kuzamisha watalii kule Roatán, Honduras, chombo chake cha kwanza alianza kukijenga akiwa na miaka 15 na hakikuwa na mota ya kusukuma. Kilikuwa kinateleza: kikifanywa kizito kinashuka huku kikienda mbele, kikifanywa chepesi kinapanda huku kikienda mbele, kama mwewe asiyepiga mbawa. Sisemi ujenge hivyo. Nasema alianza na kushuka na kupanda. Kusukuma kulikuja baadaye.

Kwa hiyo, mwanangu: chombo kiwe chepesi kidogo wakati wote, na chini yake pawe na uzito wa kilo mia na zaidi unaouachia kwa mkono, kwa chuma na komeo, bila umeme. Betri zikifa, mota zikijaa maji, taa zikizimika, unaachia, unapanda. Mota ikinasa kwenye jarife la mtu, uwe na namna ya kuiachia pia. Zungushia kila pangaboi bangili la bati. Maji ya Tanga yana nyavu zisizo na mwenyewe kuliko samaki.

Na usidharau mwendo mdogo. Silikanti, huyo samaki wa kale ambaye wavuvi wenu wa Tanga wamekuwa wakimtoa kwenye jarife tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, mara ya kwanza alionwa na kupigwa picha akiwa hai nyumbani kwake mwaka 1987 huko Ngazidja, Komoro, kutoka kwenye kinyambizi cha watu wawili cha Mjerumani Hans Fricke, kikiitwa GEO. Kilikuwa na uwezo wa mita 200 tu, na samaki walikuwa palepale mwisho wa uwezo. Kilichofuata, JAGO, kilikwenda kwa umeme, noti moja tu, karibu kilomita 2 kwa saa. Silikanti mwenyewe hana haraka.

TASAC, wale wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, umewauliza? Waulize kabla hujaibuka mbele ya boti ya doria ukiwa umevaa ndala.

#15 Fundi wa Sahare

Wakuu, wiki tatu zimepita, narudi na majibu.

Nimechagua mota mbili za nje, volti 12 kila moja na betri yake, ili moja ikifa nyingine isijue. Ndani hakuna shafti. TASAC nimeandika barua, nasubiri.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kilo. Nilifunga mota kwenye ubao, ubao kwenye kamba, kamba kwenye mizani ya kuning'iniza niliyoazima kwa mama muuza samaki, nikaiwasha kwenye maji ya kiuno. Boksi linasema 25. Mizani ikasema 20. Nikadhani nimetapeliwa. Kupima betri, mdomoni kwake volti 12, kwenye mota 10.8. Waya! Nilikuwa nimetumia wa milimita 6 za mraba, mita nne kwenda na nne kurudi, na ukiugusa ni wa moto kama kikombe cha chai. Nimebadilisha ukawa wa 16, mizani ikapanda 23. Mama wa samaki akauliza kama ubao ndio kilo 23, anunue.

Jaribio la pili la kina. Mota ya kulia na ya kushoto, zote zimejazwa mafuta na vifuko vyake kama alivyosema dada wa Kilifi, zikafungiwa jiwe, tukazishusha kwa ngalawa mpaka mita 18. Nusu saa. Zimepanda, nimefungua. Ya kulia mafuta safi, unaona kidole. Ya kushoto imetoka chai ya maziwa, yaani maji yameingia.

Sili ni mpya zote mbili, nilizipachika mwenyewe. Nimekosea wapi?

#16 Bint Kilifi

Hapana, kaka, sili usiilaumu bado. Ulipobadilisha hiyo sili ya kushoto ulilitoa pangaboi lote au ulilisogeza tu? Litoe, utazame shina la shafti kwa kurunzi.

#17 Fundi wa Sahare

Dada, mkono wako nauomba niubusu.

Nililisogeza tu. Leo nimelitoa. Nyuma ya pangaboi, pale shafti inapoingia kwenye sili, pamejizungusha mshipi wa kuvulia, ule mwembamba usioonekana, mizunguko kama kumi na tano, umejikaza mpaka umechimba mfereji kwenye shafti. Kucha inakwama ukipitisha. Mshipi wenyewe ni wa zamani, lazima ulikuwemo tangu kwa yule muuzaji. Mdomo wa sili mpya ulikuwa umekalia mfereji.

Shafti naipeleka kwenye lathe asubuhi, naivalisha bushi nyembamba ya chuma kisichoshika kutu. Bangili za bati za kukinga nyavu nimeshakunja zote mbili. Jumamosi maji yakijaa tunashusha tena, mita 18, saa nzima.

#18 Pweza Mkavu

Niwekeeni nafasi kwenye ngalawa. Ya juu.